Kinundu Kwenye Nyuzi Arobaini na Tano

Kwa miezi kumi na minne Kitinda alisumbuliwa na kinundu. Hakikuwa mwilini mwake, ingawa mama yake, aliposikia neno hilo kwa mara ya kwanza kwenye simu, alipiga ukemi na kumwamuru aende hospitali siku hiyohiyo. Kilikuwa kwenye karatasi. Mashine ya kupimia joto pale maabara ilichora mstari, na mstari ulipofika nyuzi arobaini na tano za joto, ulivimba kidogo, kama shuka lililofunika kijiko, kisha ukashuka na kuendelea na safari yake. Siku nyingine ulipita palepale bila kuvimba hata kidogo. Plastiki ileile, mashine ileile, mikono ileile.

Jina la Kitinda alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango, mtoto wa tano na wa mwisho, na likamganda mpaka chuoni. Alikuwa binti wa miaka thelathini na mmoja, yuko mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi fuwele zinavyojijenga ndani ya plastiki laini iitwayo kopolima nasibu. Ukimwuliza ni mdudu gani huyo, alitoa uzi mfukoni. Plastiki, alikuwa akisema, ni nyuzi ndefu mno, nyembamba kuliko unavyoweza kuwaza. Ikiyeyuka, nyuzi zinasokotana ovyo kama zilizosahauliwa kwenye droo ya fundi cherehani. Ikipoa, vipande vya nyuzi vinajipanga sambamba, vinajikunja kwenda na kurudi, vinakuwa vibapa vyembamba vilivyonyooka vizuri. Hivyo vibapa ndivyo fuwele. Lakini katika kopolima nasibu, waliotengeneza uzi wamepachika ndani yake vijipande vya kigeni bila mpangilio wowote, kimoja hapa, viwili pale, mfano wa mafundo. Na fundo haliingii kwenye kibapa. Basi ni sehemu zile ndefu zisizo na fundo tu zinazopata nafasi. Zile fupi zinabaki nje, zinaning'inia. Ndiyo maana plastiki hiyo ni laini, inakunjika, na ukiishika kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Kila jaribio lilikuwa hivi: anachukua kipande kidogo kama punje ya dengu, anakifunga kwenye kisahani cha alumini, anakiyeyusha, anakipoza, halafu zamu yake ya mashine ikifika anakipasha tena taratibu na kutazama mstari. Kwenye nyuzi themanini na kitu mlima mkubwa ulisimama, fuwele zikiyeyuka. Huo aliutarajia. Kinundu cha arobaini na tano hakukiagiza.

"Uchafu," Profesa alisema mara ya kwanza.

Kitinda akasafisha.

"Uchafu," alisema mara ya pili, na mara ya tatu hakusema kitu, alimtazama tu juu ya miwani. Profesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimamia wanafunzi ishirini na mmoja na wote wamehitimu, na hakutaka wa ishirini na mbili amharibie hesabu. Siku ya kikao chao cha mwisho kabla ya muhula kwisha alifunga faili la Kitinda na kuweka kiganja juu yake.

"Mwanangu, nakwambia kama mzazi. Huwezi kuandika tasnifu juu ya kitu kinachokuja kikitaka na kuondoka kikitaka. Nakupa wiki nane. Ukiweza kunieleza kwa nini mstari wako haufanani wiki hadi wiki, tunaendelea. Ukishindwa, andika ulichonacho, uchukue shahada ndogo, uende ukaanze maisha. Hakuna aibu."

Kitinda alijibu kwamba ameelewa. Alishuka ngazi ghorofa tatu bila kuona hata ngazi moja.

Jumamosi hiyo alikwenda nyumbani kwa wazazi wake. Mama alikuwa amealika watu, mjomba na mkewe na majirani wawili, na meza ilikuwa imejaa. Baba alikaa kwenye kiti chake upande wa dirishani, sikio lake zuri limeelekezwa kwa wageni. Kiwandani alikokuwa kazini kwa miaka thelathini na minne sasa walimwita Fundi Sikio, kwa sababu aliweza kusikia mashine inayotaka kuharibika siku mbili kabla haijaharibika. Mashine zenyewe zilimlipa kwa kumla sikio la kushoto.

"Na huyu msomi wetu," mjomba akauliza, "siku hizi anasomea nini hasa?"

Wote wakamgeukia baba. Baba akatafuna, akameza, akasema, "Plastiki."

"Plastiki ipi?"

"Plastiki tu. Kama ndoo."

Walicheka, hata mama alicheka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini Kitinda alikuwa na wiki nane shingoni, na kicheko kilimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Alichukua sahani yake akaipeleka jikoni, akafungua bomba na kuiosha sahani iliyokuwa na chakula bado.

Baba alimfuata. Alisimama mlangoni muda mrefu kidogo, kama mtu anayesikiliza mashine.

"Nimekuudhi."

"Hapana, baba."

"Nimekuudhi. Sijui niwaambie nini, mwanangu. Miaka minne nakuuliza, unanitolea uzi. Nikiurudia huo uzi mbele yao nitachekwa mimi." Akakuna kidevu. "Nina zamu mchana huu. Twende wote. Wewe unasoma plastiki kidogo kama dengu, hujawahi kuiona ikitoka tani nzima."

Hakuwa na hamu. Lakini kurudi mezani alikuwa hataki kabisa, basi akaenda.

Kiwanda kilitengeneza mipira laini ya kupitishia maji na dawa, ile myeupe inayopitisha mwanga. Mashine ya baba ilikuwa ndefu kama chumba cha darasa. Punje ziliingia juu, zikayeyushwa tumboni, zikasukumwa mdomoni zikiwa mpira mrefu unaotoa moshi mwembamba, nao mpira ukajitumbukiza kwenye karai refu la maji baridi, ukatokea mwisho umepoa, ukazungushwa kwenye gurudumu hadi ukawa robota. Kitinda alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye gunia la punje, kisha akaisoma tena. Ilikuwa jamii ileile ya plastiki yake. Miaka minne walikuwa wanafanyia kazi kitu kimoja, mmoja kwa gramu na mwingine kwa gunia, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Wakiwa wamesimama pale, mteja aliingia, mwanamke mwenye haraka, funguo za gari mkononi. Alitaka marobota sita, yafungwe viungo vya chuma kwenye ncha, ayachukue leo.

"Robota utapata," baba akasema. "Viungo, rudi Alhamisi."

"Mbona yako hapo? Nayaona!"

"Yale mabichi."

"Mabichi? Ni ndizi?"

"Mama, nikikufungia viungo leo, wiki ijayo vitavuja, utarudi hapa na maneno makali kuliko hayo. Alhamisi."

Mwanamke aliondoka akinung'unika. Kitinda alimgeukia baba yake na kusema, kwa sauti ambayo baadaye aliijutia, "Baba, plastiki haiivi. Ikishapoa, imeshaganda. Basi."

Baba hakubishana. Aliingia stoo, akatoka na vipande viwili vya mpira, akamwekea mikononi. "Huu wa leo asubuhi. Huu wa Jumamosi iliyopita. Gunia moja. Kunja."

Alikunja. Wa asubuhi ulilegea kama sikio la mbuzi. Wa wiki iliyopita ulikaza kidogo, ukataka kurudi. Tofauti haikuwa kubwa, lakini vidole havikuweza kuikosa.

"Na unasinyaa," baba akasema. "Kidogo tu, unene wa kucha. Ndiyo maana kiungo kinalegea. Tumewaambia mainjinia watatu. Wa kwanza akasema ni maji, wa pili akasema ni hewa, wa tatu akaacha kazi. Sisi tunasema tu unapumzika. Umetoka motoni, umetupwa kwenye maji baridi, haujapata muda wa kukaa vizuri. Wewe ungeweza?"

Kitinda alibaki ameshika vipande viwili. Alikuwa anajua, kila mwanafunzi wa fani yake anajua, kwamba plastiki ikiwekwa karibu na joto lake la kuyeyuka hujipanga upya. Liko vitabuni. Lakini kwenye rafu, kwenye joto la chumba, nyuzi sitini chini ya ule mlima mkubwa? Hilo hakuwa amelifikiria hata siku moja. Sampuli zake zilikaa wapi kabla ya kupimwa? Kwenye rafu. Kwa muda gani? Muda wowote, ilitegemea zamu ya mashine.

"Baba," alisema polepole, "niazime hivi vipande."

"Chukua. Kwani nitavila?"

Jumatatu alikuwa mlangoni mwa maabara kabla haijafunguliwa. Mwenye funguo alikuwa mtunza mashine, dada mmoja mrefu aliyeitwa na chuo kizima Dada Sekunde, kwa kuwa alikuwa akigawa zamu za mashine kwa saa ya mkononi na hakusamehe hata nusu dakika. Alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika kila sampuli iliyowahi kuingia kwenye mashine, nani kaileta, imeyeyushwa lini, imepimwa lini.

"Zamu yako ni Jumatano," Dada Sekunde akasema.

"Sitaki mashine, dada. Nataka daftari."

Alipewa daftari na kiti, na onyo asilikunje. Alichomoa karatasi zake zote za miezi kumi na minne, akazipanga sakafuni makundi mawili, zenye kinundu huku na zisizo nacho kule, kisha akaanza kutafuta tarehe moja moja. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa amepiga magoti katikati ya karatasi, mkono mdomoni. Sampuli zote zilizopimwa siku ileile ya kuyeyushwa, mstari ulipita shwari. Zote zilizolala rafuni siku mbili na zaidi, kinundu. Zile za Ijumaa zilizosubiri mpaka Jumatatu ndizo zilizokuwa na vinundu vya kujivunia. Hapakuwa na hata moja iliyokosea.

Dada Sekunde alikuja akasimama juu yake. "Umeangusha kitu?"

"Nimeokota," Kitinda alisema, akacheka kicheko kilichokaribia kuwa kilio.

Lakini orodha ya tarehe haitoshi kumshinda profesa. Alihitaji jaribio ambalo uchafu hauwezi kulijibu. Alilipata akiwa amekaa kwenye benchi nje ya maabara, anamenya chungwa. Kama kinundu kinatokana na vipande vifupi vya uzi, vile vilivyoachwa nje ya vibapa, vikijitafutia mahali pa kukaa taratibu kwenye joto la rafu, basi joto la mahali ndilo linaloamua ni vipi vitakavyofanikiwa. Weka sampuli kwenye baridi, hata vile vifupi sana vitajipanga, navyo vitayeyuka mapema. Weka kwenye joto zaidi, ni vile virefu kidogo tu vitakavyoweza, navyo vitachelewa kuyeyuka. Kinundu kitahama. Na uchafu, uwe wa namna yoyote, unayeyuka palepale ulipozoea.

Aliyeyusha sampuli thelathini siku moja, akazigawa tatu: kumi kwenye friji, kumi rafuni, kumi kwenye kabati la joto la nyuzi arobaini. Siku ya kwanza alipima moja kutoka kila mahali. Ya rafuni ilikuwa na kivimbe ambacho ungeweza kukidhania ni mkono wa mashine umetetemeka. Nyingine hazikuwa na la kusema. Alirudi chumbani kwake. Mama alipopiga simu kuuliza kinundu kinaendeleaje, alijibu, "Kinakua polepole, mama," na mama akasema "Mungu wangu," kisha akakumbuka na wote wawili wakacheka.

Siku ya tano aligundua kuwa kisanduku cha friji hakipo. Alikikuta juu ya meza, karibu na dirisha, kwenye jua. Mtu alikuwa amekitoa ili apate nafasi ya chombo chake cha chakula, na chombo cha chakula kilikuwa kimekaa mahali pake kwa starehe zote. Sampuli tisa zimeharibika. Kitinda hakupiga kelele. Alikaa chini akafumba macho.

Dada Sekunde ndiye aliyepiga kelele. Ilisikika ghorofa mbili. Kisha alileta kufuli yake mwenyewe, akaifunga kwenye mlango wa friji, akaandika kwenye ukurasa wa daftari kwamba kwa wiki mbili zamu za mchana ni za Kitinda, wote wenye malalamiko wampelekee yeye, kwa maandishi.

"Kwa nini unanisaidia hivi?" Kitinda alimwuliza.

"Miaka kumi na moja naandika tarehe humu," Dada Sekunde alisema, akipangusa jalada kwa kiganja. "Wewe ni wa kwanza kuzisoma."

Kitinda akaanza upya. Safari hii alipima baada ya saa moja, baada ya siku, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Na vinundu vikakua, kila kimoja kwake, kwa haraka siku za mwanzo kisha kwa uvivu, kama wageni wanaotafuta viti kwenye ukumbi uliojaa: wa kwanza wanakaa mara moja, wa mwisho wanabanana kwenye pembe. Cha rafuni kilisimama arobaini na tano. Cha friji kilikuwa chini sana, karibu nyuzi ishirini. Cha kabati kilikuwa juu, zaidi ya hamsini. Mlima mkubwa wa themanini haukujali chochote, ulisimama palepale kwenye karatasi zote.

Alipeleka karatasi tatu tu kwa Profesa, akazilaza mezani moja juu ya nyingine, pembe kwa pembe, wiki moja kabla ya siku yake.

"Uchafu hauhami, Profesa," alisema.

Profesa alivua miwani, akaivaa, akazishika karatasi dhidi ya dirisha ili mistari ilalane.

"Vibapa vinajengwa kwanza, wakati wa kupoa," hatimaye akasema, kama anayejisomea. "Halafu vile vifupi, vilivyokwama katikati yao..."

"Haviwezi kujikunja. Havina urefu wa kutosha na kila upande kuna fundo. Nadhani vinasimama sambamba vichache vichache, vinakuwa vitita. Kama tita la kuni, si kama kibapa. Nimeomba mashine ya eksirei niviangalie."

"Wapo walioona jambo la jinsi hii kwenye plastiki nyingine," Profesa alisema. "Nimesoma. Zamani. Nilipaswa kukumbuka." Akarudisha karatasi mezani kwa uangalifu. "Lakini sijaona mtu aliyelifuatilia siku hadi siku kwenye hii yako, kwa viwango vitatu vya joto. Ulipataje wazo?"

"Kwa baba yangu. Ni fundi wa mashine ya mipira. Wao wanajua miaka yote."

Profesa alikuna paji la uso. "Nilikwambia uchafu mara tatu."

"Mbili. Ya tatu ulinitazama tu."

Alicheka, mzee wa watu, mpaka mabega yakatikisika, na akaandika kwenye faili kwamba kazi inaendelea.

Baba alikuja chuoni siku ya likizo yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Kitinda alimkalisha mbele ya hadubini, akaweka tone la plastiki iliyoyeyuka chini ya kioo, akaiacha ipoe taratibu. Katika giza la kioo nukta za mwanga zilianza kujitokeza, moja, tatu, nyingi, kila moja ikitanuka kama ua lenye msalaba mweusi katikati, hadi zikakutana na kusukumana mipaka. Baba aliinamia kioo kwa dakika sita nzima. Dada Sekunde, aliyekuwa pembeni na saa yake, hakumkatiza.

"Hizi ndizo zilizokuwa zikitokea ndani ya lile karai langu?" baba aliuliza.

"Hizi, baba. Ila kule zinapozwa haraka, zinabaki ndogo sana. Na vile vitita havionekani hata kwa hiki kioo. Ndivyo vinavyokaza mpira wako rafuni, na joto la mahali ndilo linaloamua ni vipi vitajipanga."

Baba aliinua kichwa, akatoa kitambaa akafuta jicho lililokuwa limebanwa kwenye hadubini, na lile jingine pia. Kisha akakunja uso kwa namna ambayo Kitinda aliijua tangu utotoni: alikuwa amesikia kitu.

"Umesema joto la mahali ndilo linaloamua."

"Ndiyo."

"Stoo yetu ni ya bati. Marobota ya juu yanakaribia paa, mchana huwezi kuyagusa. Ya chini yako kwenye saruji, baridi. Na sisi tunayahesabu siku sawa." Akamtazama. "Sasa je, yanaiva sawa?"

Hakuna kitabu alichokisoma Kitinda kilichokuwa na jibu la hilo.

"Sijui, baba."

"Hata mimi."

Dada Sekunde alikuwa ameshafungua ukurasa mpya. "Mnaleta sampuli ngapi?" aliuliza, kalamu ikingoja. "Na kwa jina la nani?"

Baba na binti walitazamana. "Andika majina yetu sote wawili," Kitinda akasema, na baba, akiwa amesogeza sikio lake zuri ili asikose hata herufi, akamtajia Dada Sekunde jina lake kamili, polepole, kisha akaomba kuona kama limeandikwa sawasawa.